Land Rover Series III ya 1976 kwenye maonyesho ya magari ya kale, Uingereza: nijiandae vipi?

Mbeba_Jeki
Wakuu, salaam. Nina Land Rover Series III fupi (inchi 88), petroli 2.25, turubai juu. Nimekubaliwa kuionyesha Jumamosi na Jumapili mwezi wa saba huku Uingereza, kwenye uwanja wenye injini za mvuke, matrekta ya zamani na bembea za kila aina. Ni kilomita 150 kutoka nyumbani. Niweke mafuta gani? Foleni ya getini haitaichemsha? MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka) inatakiwa? Halafu nina watoto wawili, miaka 5 na 9. Gari kwao si kitu, wanataka bembea tu.

Fundi Distributa
Tuanze na mafuta. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida huko ni E10, ina ethanoli hadi asilimia 10, nayo inakula mipira ya zamani na kiwambo cha pampu ya mafuta. Weka E5, ile ya super. Tanki lako ni lita 45 hivi na gari linakunywa lita 16 hadi 18 kwa kilomita 100, kwa hiyo kwenda na kurudi bila kujaza hutoboi. Tembea 80 kwa saa, basi.

Pointi za distributa (kigawa umeme wa plagi) ziwe 0.35 hadi 0.40 mm, plagi 0.75 hadi 0.80, valvu zote 0.25. Spea za kubeba: pointi, kondensa, mkanda wa feni, mpira wa juu wa rejeta, na rota. Hiyo rota, kipande kinachozunguka ndani ya distributa, ndiyo inayowalaza watu barabarani. Za bei rahisi zina ribiti katikati. Umeme unatoboa plastiki, unaingia kwenye shafti, gari linazima bila dalili yoyote. Tafuta nyekundu isiyo na ribiti.

Foleni: feni inazungushwa na injini, kwa hiyo gari likisimama nayo inalegea. Msururu usiposogea, zima. Likigoma kuwaka likiwa la moto usivute choki. Petroli imechemkia kwenye kabureta na silinda zimelowa. Kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia hapo hapo, piga stata.

Bi Makaratasi
MOT: gari lililovuka miaka 40 limesamehewa, ila kama limebadilishwa sana ndani ya miaka 30 iliyopita (chesisi, ekseli, aina ya injini) msamaha unaweza kuondoka. Aliyetoa silinda nne akatia V8 asome masharti vizuri. Kodi ya barabara ni sifuri kwa gari lililosajiliwa kama la kihistoria, lakini LAZIMA uiombe kila mwaka; watu wanasikia sifuri wanalala. Na kusamehewa MOT hakukuondolei wajibu wa gari kuwa salama. Breki mbovu ni kosa vilevile. Mwambie mtu wa bima kwamba gari litaonyeshwa mbele ya watu, na nakala ya bima utembee nayo, waandaaji wengi huidai.

Mzee wa Turubai
Mkuu, umesema turubai. Usipange gari upande ambao upepo unaleta moshi wa injini za mvuke. Bomba lile linatema vijicheche vya makaa, na tundu kwenye turubai halizibiki kwa maneno. Watoto nao wasikatize mbele ya mashine hizo: dereva haoni vizuri mbele, na tani zaidi ya kumi hazisimami kwa kukanyaga breki kama gari dogo.

Nyasi zikiwa zimelowa, bonyeza chini kirungu cha njano (cha kuendesha magurudumu yote manne) kabla hujaingia kwenye tope, si baada ya kuzama. Kama magurudumu ya mbele yana habu za kufungwa kwa mkono, zifunge kwanza. Ukirudi kwenye lami toa: simama, vuta wenzo mwekundu nyuma kabisa, urudishe mbele, cha njano kitaruka chenyewe. Gari hili halina difu ya kati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kupishana mwendo. Ukilisahau hivyo kwenye lami kavu unavunja vitu vya bei. Handibreki vuta gari likiwa limesimama kabisa, maana inashika shafti ya nyuma, si magurudumu.

Pale maonyeshoni: sinia chini ya injini na giaboksi (Land Rover isiyovuja imeishiwa oili), mtungi wa kuzimia moto, na karatasi moja ya maelezo kwenye kioo. Saa za maonyesho hairuhusiwi kusogeza gari, kwa hiyo chochote utakachohitaji kutwa kiwe ndani yake.

Mama Pacha
Watoto sasa. Tiketi ya getini kwa kawaida haihusu bembea. Kila moja inalipiwa, nyingine kwa tokeni, na tokeni za huyu hazikubaliki kwa yule. Beba pesa taslimu. Pima urefu wa watoto nyumbani, kwa sababu bembea za kasi zina kipimo na mhudumu habembelezwi. Farasi wa kuzunguka hawana shida, ila yule wa miaka 5 mpandishe safu ya ndani: mzunguko ni ule ule lakini farasi wa nje anakwenda kasi zaidi. Magari ya kugongana waachie jioni, taa zikiwashwa. Muulize mwenye bembea cheti cha ADIPS (mpango wa ukaguzi wa usalama wa bembea huko). Mwenye nacho hakasiriki. Na usiwapitishe mbio kwenye injini ya mvuke yenye dainamo mbele ya bomba. Hizo ndizo zilizokuwa zinawasha taa na kuendesha bembea za maonyesho zamani, na zile zinazowashwa mpaka leo zinapendeza usiku kuliko bembea zenyewe.

Mbeba_Jeki
Asanteni sana. Moja limebaki: likipata moto halikai sailensa (injini kunguruma bila kukanyaga mafuta), linatetemeka na kuzima.

Fundi Distributa
Kabureta yako ni Zenith 36IV? Basi ni ugonjwa wake. Sehemu ya juu inapinda kwa joto, hewa inaingia pasipotakiwa. Fungua juu, laza msasa wa maji namba 400 juu ya kioo, sugua uso wa chini kwa mwendo wa namba nane mpaka ung'ae wote sawasawa. Badilisha oringi ndogo iliyo kati ya sehemu mbili na gasketi, funga skrubu kwa kupokezana, usikaze mpaka zilie. Usiguse skrubu ya sailensa kabla ya hapo.