Tovuti ya vyumba Bagamoyo inasuasua, nipandishe kifurushi cha hifadhidata?

MwanaDunda: Wakuu, habari za jioni. Nasimamia tovuti ya kuweka nafasi kwa nyumba za wageni kadhaa hapa Bagamoyo. Tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa, likikaribia watu wanafurika, na hapo ndipo inapokwama: mgeni akichagua tarehe, kiduara kinazunguka mpaka anakata tamaa. Tovuti imejengwa kwa WordPress, data inakaa kwenye hifadhidata ya MySQL. Seva ya tovuti iko Cape Town, hifadhidata tumekodi kwenye wingu, iko Frankfurt, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 1. Mtoa huduma anasema nipande hadi GB 4, bei karibu mara nne. Hela ni ya wenye nyumba, sitaki kuwatia hasara. Nipande?

Fundi_Seva: Mkuu, usilipe kwanza. Cape Town na Frankfurt! Swali moja la tovuti kwa hifadhidata, kwenda na kurudi hapo, linakula zaidi ya milisekunde 100. Ukurasa wenye programu-jalizi ya nafasi ukiuliza mara 50, moja baada ya jingine, sekunde 5 zimeishia njiani, hata ukiwa na RAM GB 64. Hamishia hifadhidata Cape Town, kituo kilekile ilipo seva.

BintiMwambao: Naungana na Fundi, ila hiyo ya kukwama kwenye tarehe tu inanitia shaka. Washa slow_query_log, daftari la MySQL la maswali yanayochelewa, na long_query_time, yaani muda ambao swali likiupita linaandikwa humo, ishushe iwe 1, maana yenyewe huja ikiwa sekunde 10 na mengi yatakupita. Swali litakalonaswa liwekee EXPLAIN mbele, MySQL ikuoneshe inavyolitafutia jibu. Safu ya type ikiandika ALL, basi MySQL inapekua jedwali zima kila mgeni anapoulizia chumba.

MwanaDunda: Dada, nimefanya sasa hivi. ALL kweli, kwenye jedwali la nafasi.

BintiMwambao: Tengeneza indeksi moja (kama faharasa ya kitabu) yenye namba ya chumba kisha tarehe ya kuingia. Haitakugharimu hata shilingi.

Mzee wa Kaole: Vijana wamesema kweli. RAM ifikirie baadaye, kama data inayotumika kila siku haienei kwenye kumbukumbu. Kuhama nako kuna adabu yake, mwanangu: fanya usiku, tena mapema kabla ya tamasha. Funga uwekaji nafasi, chukua nakala, ijaribu kule mpya, ndipo ubadili DB_HOST, anwani ya hifadhidata, kwenye faili la wp-config.php. Usipofunga, nafasi itakayoingia katikati itabaki kule Frankfurt, na chumba kimoja kitauzwa kwa wageni wawili.

MwanaDunda: Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Indeksi naiweka leo, kuhama nawaomba wenye nyumba wanipe usiku wa Jumanne.