Tupeane uzoefu: dang'a (maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa) na saa za kwanza za mwanambuzi

Mchunga wa Asubuhi

Wadau wa mbuzi, habari zenu. Nafungua mada hii nikiwa na uchungu moyoni. Wiki hii nimempoteza mwanambuzi jike wa siku 4, na nimegundua kosa lilikuwa langu. Nalieleza ili lisimkute mwingine.

Mama yao alizaa mapacha usiku. Nilipofika bandani alfajiri, wote wawili walikuwa wamelambwa wamekauka na wanatembea. Yule mdogo kichwa chake kilikuwa kwenye kiwele, mkia unatikisika. Nikaridhika kwamba ananyonya, nikaenda kwenye shughuli nyingine. Siku ya pili akaanza kuhara na kujikunja. Ndipo nikakishika kiwele cha mama. Chuchu ya kulia ilikuwa laini, imenyonywa vizuri. Ya kushoto, aliyokuwa akiivuta yule mdogo, ilikuwa imejaa na ngumu. Nikaibana kwa nguvu, kikatoka kizibo kama nta, na nyuma yake dang'a nzito ya njano ambayo haijaguswa. Mtoto alikuwa amevuta chuchu iliyoziba karibu usiku mzima.

Nilikamua ile dang'a nikamnywesha yote, nikidhani nimeokoa jahazi. Daktari wa mifugo akanieleza kwa nini haikusaidia. Kondo la nyuma la mbuzi halipitishi kingamwili kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni. Mwanambuzi anazaliwa hana kinga karibu yoyote, na yote anayoitegemea iko ndani ya dang'a. Utumbo wake unaweza kuzipitisha kingamwili hizo nzimanzima kuingia kwenye damu kwa muda mfupi tu. Saa 6 za kwanza ndizo bora, kisha uwezo unashuka saa hadi saa, na zikitimia 24 ni kama mlango umefungwa. Dang'a niliyompa siku ya pili ilikuwa chakula kizuri, lakini kinga yake haikuingia kwenye damu.

Naomba kila mwenye yaliyomkuta aeleze. Na tafadhali tutaje umri wa mtoto kwa saa, maana naona kwenye jambo hili saa ndiyo kila kitu.

Mama Mapacha

Pole sana ndugu yangu. Hicho kizibo kimewaliza wengi. Mimi tangu kinikute, mbuzi akishazaa sitoki bandani kabla sijafanya mambo mawili kwa mkono wangu. Nasafisha kiwele kwa maji ya vuguvugu, kisha nakamua kila chuchu mara mbili au tatu mpaka nione maziwa yanatoka kwa mkondo. Halafu namshika mtoto tumbo, na namtia kidole safi mdomoni. Tumbo lililoshiba linajaa mkononi bila kuwa gumu kama ngoma, na mdomo una joto. Mdomo ukiwa wa baridi, hajanyonya, hata kama umemwona chini ya mama yake kutwa nzima.

Mkia kutikisika si ushahidi. Mtoto anautikisa hata akinyonya manyoya ya paja.

Na mapacha watatu ndio wa kuangalia zaidi. Chuchu ni mbili, wenye nguvu wanazimiliki, na yule wa tatu unamkuta amelala pembeni, kimya. Kimya chake kinamfanya mtu aseme ni mpole. Mimi wa tatu namkamulia na kumpa kwa chupa ndani ya saa ya kwanza, hata kama anaonekana mzima, kisha namrudisha kwa mama ili asimkatae.

Zizi Jipya

Naomba kuuliza wakuu. Kiasi gani kinatosha? Mimi huwa nawapa vijiko kadhaa tu nikiogopa watahara.

Mama Mapacha

Vijiko kadhaa ni kidogo mno, mwanangu. Mpime uzito. Kwa kila kilo 1 mpe mililita 50 kwa mlo mmoja, na mlo wa kwanza uwe ndani ya saa 1 au 2 tangu azaliwe. Ndani ya saa 24 awe amepata walau asilimia 10 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 3 anapata mililita 150 mlo wa kwanza, na kwa siku nzima zisipungue 300. Zikizidi hapo ni heri, mradi umgawie mara nne au zaidi.

Kuhusu kuhara, kile kinyesi cheusi kinachonata kama lami ndicho dang'a inachotakiwa kukisukuma nje. Kikitoka, furahi. Baada yake kinafuata cha njano. Hilo si gonjwa.

Mlinzi wa Usiku

Yangu ni ya baridi. Mvua ilinyesha usiku, mbuzi akazalia nje ya banda. Nilipomkuta mtoto alikuwa na kama saa 7, amelala ubavu, kichwa hakiinuki. Nikawaza njaa, nikakimbilia dang'a, nikamfungua mdomo nikammiminia. Ikaingia kwenye mapafu. Alikufa mikononi mwangu baada ya dakika chache na mpaka leo naiona ile sura.

Daktari niliyemwita baadaye alinifundisha, na mwaka uliofuata alipotokea mwingine kama yule nilifuata alivyosema. Kwanza kipimajoto. Mwanambuzi mzima ana joto la nyuzi kati ya 38.5 na 39.5 hivi. Akiwa chini ya 37, tumbo lake halifanyi kazi ya kusaga, na asiyeweza kuinua kichwa hawezi kumeza. Huyo umpashe joto kwanza. Mkaushe, mfunike, mweke karibu na chupa za maji ya moto zilizofungwa nguo, umgeuze mara kwa mara. Akishafika juu ya 37, anainua kichwa na anavuta kidole, hapo ndipo unampa dang'a ya vuguvugu.

Kuna jambo nililokuwa sijui kabisa. Mtoto aliyepitisha saa 5 bila kunyonya na amepoa, nguvu aliyozaliwa nayo mwilini inakuwa imekwisha. Ukimpasha joto ghafla bila kumpa sukari anaweza kupatwa na degedege. Yule wa pili daktari alimdunga sindano ya glukosi ya vuguvugu tumboni kabla hatujampasha. Sijifanyii mwenyewe, naita mtu. Huyo mtoto leo ni mama wa watoto wawili.

Mchunga wa Asubuhi

Ndugu Mlinzi, umenigusa. Asante kwa kulisema wazi.

Fundi wa Kiwele

Niongeze la mpira wa kulishia, maana naona watu wanaununua kabla ya kufundishwa. Mtoto dhaifu ambaye ameshapashwa joto lakini hawezi kuvuta chupa, mpira unamwokoa. Unaupima kwanza kwa nje, kutoka puani mpaka ubavu wa mwisho, unaweka alama. Unaupitisha taratibu upande wa kushoto wa mdomo, yeye akiumeza mwenyewe. Akikohoa au ukikwama kabla ya alama, vuta utoke uanze tena. Maziwa yashuke kwa uzito wake, usisukume. Lakini mara ya kwanza, ufanye mbele ya daktari au mfugaji mzoefu. Maandishi hayatoshi kwa hili.

Na kitovu kipakwe ayodini mapema. Kitovu kibichi pamoja na kukosa dang'a ndiyo njia ya magoti kuvimba usaha wiki ya pili au ya tatu. Nimeona zizi zima la vitoto vinavyochechemea, na mwenye zizi akitafuta sumu kwenye majani.

Zizi Jipya

Na mama akifa wakati wa kuzaa? Nilisoma mahali kuna uji wa mayai, maziwa na mafuta ya samaki.

Fundi wa Kiwele

Huo unashibisha, hauna kinga dhidi ya magonjwa ya mbuzi. Usiutegemee. Bora dang'a ya mbuzi mwingine aliyezaa siku hiyohiyo, au ya friza. Ya ng'ombe inasaidia ikikosekana ya mbuzi, ila itoke kwa ng'ombe mwenye afya inayojulikana, na umchunguze mtoto wiki zinazofuata kama ufizi unapauka, kwa sababu mara chache ya ng'ombe huleta upungufu wa damu kwa wanyama hawa wadogo.

Bibi wa Majike

Wanangu, benki ya dang'a ni jambo jepesi mno kulikosa. Kila mbuzi mwenye maziwa mengi akizaa, watoto wakishashiba, nakamua ziada ya siku ileile ya kwanza. Natia kwenye vifuko vidogo vya mililita 100 hadi 150, naandika tarehe na mama, nagandisha. Kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri inakaa hadi mwaka 1. Naigandisha kidogo kidogo ili niyeyushe inayotosha mlo mmoja, kwa sababu haigandishwi mara ya pili.

Sasa nieleze nilivyoharibu. Siku moja usiku kulikuwa na yatima wa saa 2. Nikaitoa dang'a, nikaitia sufuriani juu ya moto kwa haraka. Ikaganda kama yai la kukaanga. Sikuwa na nyingine. Kingamwili ni protini, moto mkali unaziua. Iyeyushe kwa kuzamisha kifuko kwenye maji yasiyozidi nyuzi 50, uvumilie. Mtoto wa saa 2 ana muda wa kukusubiri dakika 20.

Maziwa Safi

Samahani bibi, kwa heshima, hapo kwenye benki ya dang'a nina neno. Zizi langu liliingiwa na CAE, ule ugonjwa wa virusi unaovimbisha magoti ya mbuzi wakubwa, na njia kuu ya kuwafikia watoto ni dang'a na maziwa ya mama mwenye virusi. Niligawa dang'a ya jike mmoja hodari kwa vitoto vya majike wengine, kwa nia njema, na nikaueneza. Nilipopima zizi baadaye niliumia sana.

Siku hizi siweki kwenye friza dang'a ya mbuzi ambaye sijampima. Na ikibidi, naipasha kwa nyuzi 56 kwa dakika 60, kipimajoto kikiwa ndani, bila kuvuka 60. Virusi vinakufa na kinga kubwa inabaki. Ni kazi ya uvumilivu, lakini inafanyika.

Bibi wa Majike

Sina ubishi, mwanangu. Wangu wamepimwa, nilipaswa kulitaja hilo tangu mwanzo. Anayeanza leo apime kwanza.

Nami niseme la mwisho kuhusu mama mwenyewe, kwa kuwa wote mmeanzia kwenye chuchu. Dang'a inatengenezwa wiki za mwisho za mimba. Mbuzi anabeba takriban siku 150. Nilikuwa na jike wa maziwa nikamkamua karibu hadi siku ya kuzaa kwa tamaa ya maziwa. Alizaa watoto wazuri, dang'a ikatoka nyepesi kama maji ya mchele, na wote wawili walikuwa wagonjwa wagonjwa mpaka wakaachishwa. Sasa namkausha, yaani naacha kumkamua, miezi 2 kabla ya kuzaa. Chanjo ya pepopunda na ya sumu ya tumbo nampa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, ili kinga yake ipande na kushuka kwenye dang'a kwa wakati. Na nikimnunua jike mwenye mimba namtaka akae kwangu wiki kadhaa kabla hajazaa, aujue uchafu wa banda langu, maana kinga anayompa mtoto ni ya magonjwa aliyokutana nayo yeye.

Mchunga wa Asubuhi

Nawarudia wakuu. Yule jike wangu wa pili amezaa leo saa 2 usiku, watoto watatu. Nilikuwepo. Nimekamua chuchu zote mbili mpaka zimefunguka. Wa kwanza na wa pili wamenyonya wenyewe, matumbo nimeyashika. Wa tatu ana kilo 2.2, alikuwa anavuta kidogo na kuacha. Joto lake ni 38.7. Nimemkamulia mililita 110, amemaliza kwa chupa dakika 40 baada ya kuzaliwa, na nimemwandikia saa kwenye mbao ya ukuta. Nakaa hapa bandani mpaka mlo wake wa pili.

Mama Mapacha

Mpe tena saa 5 usiku. Ukimwona anatafuta kiwele mwenyewe, mwachie, ila tumbo ushike. Tupe habari asubuhi.