Naomba ushauri, vibwengo vyangu vya bluu vinaisha Overlord II
Wakuu habari za jioni, niko Tanga huku Ngamiani. Nimeanza Overlord II, ile gemu ya 2009, unakuwa bwana mwovu unatuma vibwengo kupigana na dola moja yenye askari kama wa Kirumi wanaochukia uchawi (nacheka peke angu mpaka mama anauliza kulikoni). Shida ni vile vya bluu, ndo pekee vinaogelea na ndo vinafufua wenzao, ila laini kama mkate wa kumimina, vikiguswa tu kwisha, nabaki na vya kahawia vinavyojua ngumi tu. Vyekundu kwenye maji ndo usiseme kabisa. Nyie wakati wa vita mnaviacha nyuma mbali au vinakaa na vya kijani vinavyovizia? Leptopu yenyewe ya kuazima, narudisha jumapili.