Franchaizi za aiskrimu: tunalipia teritori halafu tunakatazwa kuuza nje ya mlango wa duka

Wadau, nimevumilia vya kutosha. Niko na duka la aiskrimu kwa mall moja hapa Nairobi, ni franchaizi, yaani natumia jina la kampuni na kuuza bidhaa zake kwa mkataba, jina silitaji. Nililipa ada ya kuingia nikapewa teritori, yaani eneo langu la kuuzia, kila mwezi nalipa roaliti, asilimia ya kampuni kwa mauzo yote kabla sijatoa rent, stima na mishahara, nalipa pesa ya matangazo, na aiskrimu yenyewe lazima ninunue kwao kwa bei yao. Lakini kuuza nje ya mlango nimekatazwa. Delivari, harusi, bathdei, mashule, yote lazima uandike uombe ruhusa, na ruhusa haitoki.

Shule moja karibu na sisi iliniitia sports day, kila mtoto kikombe chake, na mwalimu aliyenipigia ni mteja wangu wa siku nyingi. Nikaandikia makao makuu. Wakakaa, wakakaa, mwishowe wakasema friza ya kubeba haijaidhinishwa na ubora utaharibika. Siku ya michezo nani akaonekana uwanjani? Ni wao wenyewe, na kigari chao na mwavuli wenye logo ile ile iko juu ya mlango wangu! Mwalimu akanipigia kuniuliza mbona nimetuma watu asiowajua, nikakosa la kumwambia. Yaani kazi nimeitafuta mimi, mteja nimemlea mimi, pesa wamebeba wao na hata shilingi sikuona.

Na hapo sijafika kwa supamaketi. Mall hiyo hiyo, floo ya chini, kuna friza imejaa mikebe ya lita ya brandi yetu, na ukipiga hesabu ni rahisi kuliko vikombe ninavyolazimishwa kuuza kwa bei waliyopanga wao. Mama anapita kwangu na watoto, wanaonja, anashuka chini kununua mkebe. Nikilalamika naambiwa teritori yangu inazuia duka lingine la franchaizi tu, "njia nyingine za mauzo" ni zao. Sasa hiyo teritori nililipia nini?

Mtu asiniambie niuze zaidi dukani. Nyinyi mnajua Nairobi kuanzia Juni hadi Agosti, hiyo baridi na mawingu, nani anatoka nyumbani kufuata aiskrimu? Miezi hiyo duka linaokolewa na oda za nje, mtu ako na sherehe Kilimani au South B anataka aletewe na boda. Hizo ndizo wamekataa. App za delivari pia wamesajili wao, oda inatayarishwa wapi hujui, mimi naona tu boda wamebeba mifuko yetu wakipita nje ya duka langu.

Haya mambo si mapya. Kule Marekani kampuni ya aiskrimu ya Carvel walianza kupeleka aiskrimu yao supamaketi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wenye maduka wakaenda kortini, na mwaka wa 2004 korti ya rufaa ya New York ikasema kiasi gani kampuni inaweza kushindana na watu wake wa franchaizi ni jambo la kuamuliwa na mkataba. Lakini wenzetu kule angalau sheria inalazimisha kampuni ikupe hati ya maelezo siku 14 kabla hujasaini, na kama teritori si yako peke yako lazima iandikwe wazi kwamba unaweza kukabiliwa na ushindani kutoka kwa njia zingine za mauzo za kampuni yenyewe. Afrika Kusini ukisaini unaweza kujitoa ndani ya siku 10 za kazi. Kenya hatuna sheria ya franchaizi, ni mkataba tu, na mkataba umeandikwa na wakili wao.

Mimi sitaki huruma. Nataka niruhusiwe delivari na sherehe ndani ya teritori yangu, kwa friza waliyoikagua wakitaka, na kila mkebe unaouzwa supamaketi au kwa app ndani ya teritori hiyo nipate asilimia yangu, kama vile wao wanapata yao kwa kila kikombe changu.

Kama uko na franchaizi ya chakula yoyote hapa Nairobi, angalia kile kipengele cha haki ambazo kampuni imejibakishia, uniambie chako kinasemaje kuhusu mauzo ya nje. Na kama kuna mtu amewahi kupeleka malalamiko ya aina hii kwa Competition Authority, ile mamlaka ya serikali inayosimamia ushindani wa biashara, inbox iko wazi, nataka tuandike barua moja tukiwa wengi.