Ushuhuda wa kupona virusi: kanisa lidai majibu ya maabara kwanza?

Mwanzisha mada, Kampala: Kwenye mikutano ya injili hakosekani mtu wa kupanda jukwaani na karatasi mkononi: nilikuwa na virusi vya ukimwi, nimeombewa, nimepima, sina. Wapo wanaosikia hivyo wakaacha dawa. Je, makanisa yazuie ushuhuda wa namna hii mpaka maabara ithibitishe? Au sayansi haina kazi madhabahuni?

Fundi wa maabara, Mbale: Kwanza tuulize karatasi hiyo ni ya kipimo gani. Kile cha haraka cha kutoboa kidole hakitafuti kirusi chenyewe, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza kupigana nacho. Mtu aliyeanza ARV, dawa za kufubaza virusi, mapema sana, kingamwili zake zaweza kupungua mpaka kipimo kisizione, hasa kile cha mate cha kujipima nyumbani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri aliye kwenye dawa asijipime tena kwa hicho. Karatasi ya pili ni ya wingi wa virusi. Matone ya damu hukaushwa kwenye kadi, kadi inakwenda maabara kuu Butabika, majibu yanarudi: havionekani. Hiyo ni kazi ya kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudini na dolutegraviri. Virusi vyenyewe bado vimejificha ndani ya chembe za kinga. Acha dawa uone: kwa wengi vinarudi kwenye damu ndani ya wiki 2 hadi 4. Kwa hiyo karatasi zote mbili zaweza kuwa halali, na mwenye kuzishika akawa mkweli kabisa, na bado hajapona.

Mchungaji, Jinja: Ndugu fundi, ahsante kwa somo, ila unataka Mungu apange foleni kwenye maabara yako. Bartimayo, yule kipofu aliyeponywa na Yesu, hakudaiwa cheti. Tena kuna jambo mnaliruka: kanisa likidai majibu, hali ya muumini itajulikana kwa wazee wa kanisa leo, kesho mtaa mzima. Siri hiyo inalindwa na sheria ya ukimwi ya mwaka 2014. Nani atabeba kesi?

Mkatoliki, Masaka: Bartimayo sawa, Mchungaji, lakini wale wakoma kumi? Luka 17:14, waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani. Na kazi ya kuhani imeandikwa hatua kwa hatua katika Walawi 13: anatazama kama nywele za pale penye doa zimegeuka nyeupe, kama doa limeingia chini ya ngozi, akiwa na shaka anamtenga mtu siku 7, anatazama tena, anaongeza 7 nyingine. Kama huko si kupima, ni nini? Na hapa kwetu, watawa wawili waliougua tauni Rubaga mwaka 1941: kupona kwao, kulikohusishwa na maombezi ya Mashahidi wa Uganda, kulichunguzwa kwanza, ndipo Mashahidi hao wakatangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Hesabu miaka hiyo. Roma inataka ugonjwa uwe mzito, kupona kuwe kwa ghafla, kamili na kwa kudumu, na dawa isiwe ndiyo iliyoponya. Aliye kwenye ARV anaangukia hapo pa dawa.

Mchungaji, Jinja: Roma ina madaktari na ina muda. Kanisa la mabati kule Busia lina mchungaji mmoja na spika mbili. Nakubali hili: mtumishi asimwambie mtu aache dawa, huo ni uuaji. Kufunga watu midomo, hapana.

Fundi wa maabara, Mbale: Lakini hahitaji kumwambia! Mtu akishashangiliwa na umati kwamba amepona, ataendaje tena kliniki kuchukua dawa zake za miezi mitatu, na jirani yule yule aliyepiga makofi amekaa benchi la mbele? Aibu inafanya kazi ambayo mtumishi hakuitamka. Basi karatasi msidai, siri ya mtu ibaki yake. Ila kabla hajashika maikrofoni aambiwe aongeze sentensi moja: dawa naendelea kumeza mpaka daktari aseme.

Mchungaji, Jinja: Hiyo naweza kuipeleka kwa wenzangu. Ila mjue watakachoniuliza: akiendelea kumeza, ushuhuda wenyewe ni wa nini?