Wakuu, nimepewa 1099 badala ya W-2, kodi inanitoa jasho

Dereva_Houston: Habari za saa hizi wakuu. Nasambaza vifurushi Houston kwa gari langu. Sare ni ya kampuni, saa za kuingia na kutoka wanapanga wao, ila mwisho wa mwaka wananipa 1099, fomu ya mtu aliyejiajiri, badala ya W-2 ya mwajiriwa. Hawakati hata senti. Nimepiga hesabu ya kodi ya taifa na ya jimbo, inapita dola elfu tisa. Usingizi sina. Nifanyeje?

MamaKijacho: Pole mdogo wangu. Mimi natunza wazee Minneapolis, W-2. Wakikata nanuna wiki nzima, lakini mwenzangu wa 1099 alilia Aprili mpaka akauza makochi.

KalamuNyekundu: Kwa W-2 mwajiri hubeba asilimia 7.65 ya Social Security na Medicare (pensheni na bima ya afya ya wazee), nawe 7.65. Kwa 1099 zote 15.3 ni zako, bado kodi ya mapato. Maili uliandika? Kwa 2024 IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilikubali upunguze senti 67 kwenye mapato kwa kila maili ya kazi.

Dereva_Houston: Sikuandika. Nina risiti za mafuta kwenye mfuko wa nailoni, nyingine wino umefutika.

JiniKahawa: Wapelekee na mfuko wenyewe 😂

KalamuNyekundu: Ritani ya kodi umewasilisha? Na hela iko wapi?

Dereva_Houston: Sijawasilisha, mwaka huu wala uliopita. Hela nimepaulia nyumba Kigamboni, bati lingepanda. Msinishambulie. Halafu fomu ya uraia, N-400, nimeshajaza. Wanapouliza kama nadaiwa kodi nimeweka "hapana". Barua haijaja, sasa deni liko wapi?

KalamuNyekundu: Hapo ndipo ulipopaficha! Ile fomu unaisaini kwa kiapo. Kutowasilisha ni asilimia 5 ya deni kila mwezi hadi 25. Kutolipa ni nusu asilimia tu kwa mwezi. Wasilisha hata kama mfuko mtupu, uombe kulipa kwa awamu. N-400 usiitume hivyo.

MzeeWaBusara: Vijana mnajenga majumba wanayolala popo.

Mpekuzi: Chai hii. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Jamaa yuko Buza, bando la usiku.

Dereva_Houston: Nimehamia Agosti mkuu. Kabla nilikuwa Minnesota.

JiniKahawa: Chai ya tangawizi.

MamaKijacho: Minnesota mtaa gani? Mimi nipo huku toka 2013.

Dereva_Houston: Dada nakuja PM.

Mpekuzi: Haya, PM tena. Kinachofuata ni namba ya kutuma pesa.

Dereva_Houston: Sijaomba hela ya mtu. Mkuu Kalamu, bahasha nimeshaigundi na stempu nimebandika. Stempu zinabanduka?