Darasa la nne wanakataa 1/2 ni sawa na 4/8, nisaidieni walimu wenzangu

mwl_chaki: Habarini wadau. Nafundisha hisabati darasa la nne hapa Tanga mjini, watoto 78 chumba kimoja, na wiki ya pili hii tumekwama kwenye sehemu zilizo sawa. Kanuni wanaijua, zidisha kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini) kwa namba ileile, 1/2 wanaifikisha 4/8 fasta. Ila jana nimeuliza nani kala mkate mwingi, aliyekula 1/2 au aliyekula 4/8, darasa zima "4/8!!" kisa nane ni kubwa. Dogo mmoja wa mbele akaniambia kabisa "mwalimu huyu kapata vipande vinne yule kimoja, ungekuwa wewe je?" Nikaishia kucheka. Maduara nimechora ubaoni mpaka mkono umeuma na yenyewe yamekaa kama maembe. Mnatumia zana gani? Manila siwanunulii watu wote hao, sina hela.

BintiNgamiani: Achana na duara mwalimu, nusu na robo sawa ila ukifika theluthi unajipoteza mwenyewe. Chukua madaftari yaliyoisha, kata ukanda mrefu, kila mtoto wake. Wakunje mara moja wapake rangi upande mmoja, usiendelee mpaka wote wakubali hiyo ni 1/2. Wakunje tena, wafungue: vyumba vinne, viwili vina rangi. Tena: vinane, vinne vina rangi. Hapo uliza tu, nani kaongeza rangi? Halafu nyamaza, hapo ndo walimu wengi tunaharibu tunawajibia.

MzeeWaMuheza: Karatasi za nini na machungwa yapo bwerere? Kata chungwa watoto waone na wale.

BintiNgamiani: Mzee wangu chungwa linadanganya. Nusu ya kubwa na nusu ya dogo hazilingani, na vile vipande vya ndani kila kimoja na ukubwa wake. Kitu kizima lazima kiwe kilekile ndo ulinganishe.

MzeeWaMuheza: Haya nimekubali, ila karatasi hailiki 😂

fundi_cherehani: Mimi sio mwalimu ni mshonaji. Binti yangu alielewa kwenye tepu yangu upande wa inchi, nikamwambia weka kidole kwenye nusu inchi, sasa hesabu vimstari vya moja ya nane mpaka vinne, kidole hakijasogea. Uniambie nusu uniambie nne ya nane, mkasi unapita palepale.

kona_ya_hesabu: Fundi katisha, huo ndo mstari wa namba wenyewe. Naongezea theluthi, maana kukunja sehemu tatu sawa watoto wanakosea sana. Tumia daftari la vibox, ukanda wa vibox 12, unagawanyika kwa 2, 3, 4 na 6. 1/3 ni vibox vinne, haya 2/6 ni vingapi? Vinne. 4/12? Vinne. Na ndo urudi kwenye kanuni sasa: ukikata kila chumba vipande viwili sawa, vyumba vyote vinakuwa mara mbili na vyenye rangi navyo vinakuwa mara mbili, ndo maana tunazidisha juu na chini. Kuna watakaojumlisha, 1/2 waongeze 2 juu na 2 chini wapate 3/4. Usimpige mkwaju, mwambie apake rangi aone.

mwl_chaki: Mrejesho. Leo nimefanya ya kukunja, kelele kama soko la samaki na wengine wamekunja mshazari vyumba vikatoka vikubwa na vidogo, ikabidi turudie. Yule dogo wa mbele kafungua ukanda wake kaugeuza mara mbili tatu, akahesabu kwa kidole, akasema "kumbe vinne vyenyewe vidogo". Nikamuuliza sasa nani kala zaidi? "Wamelingana, ila huyu kakatiwa katiwa." Wakauliza 2/3 na 3/4 ipi kubwa nikawaambia kesho. Kona, vibox 12 vitatosha hapo?

kona_ya_hesabu: Vinatosha. 2/3 ni vibox 8, 3/4 ni 9. Waache wahesabu wenyewe.